Msafara Uliopita Daraja la Hatchett

Dada yangu Ozella aliandikiwa faini kwa kumsimamia maiti ambaye hakuna mtu mwingine aliyemwona. Naanza hapo hapo kwa sababu watu wa mji wetu wa Pruett wameshaipindapinda habari hii mpaka haitambuliki. Kanisani wanaitia chumvi, na kwa kinyozi kuna mwingine ana yake. Darajani mimi sikuwepo, sitawadanganya. Lakini mahakamani nilikaa benchi la mbele na mkoba wangu mapajani, na nilichokiona nilikiona.

Sisi huku msafara wa mazishi ukija, unasimama. Uwe unauelekea au uwe nyuma yake, unaweka gari pembeni, unazima redio, mwanamume anavua kofia, na unangoja mpaka gari la mwisho lenye taa limepita. Hata kama marehemu mlikuwa hamsemeshani. Hata zamani zile, alipokuwa mzungu na wewe mweusi, na akiwa hai asingekupa hata salamu, ulimsimamia akiwa amelala, na wao wakatusimamia sisi. Mtoto wa huku analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na hakuna aliyesimama kama Leotis, mume wa Ozella. Leotis alikuwa dereva wa greda la kaunti, lile la manjano la kuparua barabara za changarawe. Msafara ukitokea alikuwa anazima mashine katikati ya kazi, anashuka, anasimama kwenye mtaro na kofia kifuani. Jua liwake, mvua inyeshe, shauri yake. Msimamizi wake alimfokea miaka na miaka. "Crump, unalipwa kuchonga barabara au kuomboleza?" Leotis alikuwa anamjibu, "Vyote viwili, bosi, na bado mnanilipa kidogo."

Basi mtu huyo, aliyewasimamia wafu wa kaunti nzima, alikufa mwaka ule wa korona. Ozella mwenyewe alikuwa kitandani na homa ileile, hajui mchana wala usiku. Mimi nilifungiwa kwangu, mtoto wao Dewitt alifungiwa huko anakokaa, mji wa Jackson. Walikuja wanaume wawili wenye barakoa na gari moja la maiti, wakampitisha asubuhi na mapema barabara tupu, wakamfukia, wakaondoka. Hakuna gari lililomfuata. Hakuna kofia iliyovuliwa. Ozella alipopata nafuu akaambiwa yamekwisha, hakulia. Alikaa barazani akitazama barabara, na tangu siku ile nikienda kwake ninamkuta anatazama barabara.

Sasa njoo Novemba iliyopita. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, simu ikalia.

"Verlene, njoo. Nimeandikiwa."

"Umeandikiwa nini?"

"Faini. Nilisimama daraja la Hatchett."

Daraja la Hatchett halina pembeni. Kuna njia yako, kuna njia ya anayekuja, halafu kuna mto. "Ulisimama darajani kufanya nini, dada? Kuvua samaki?"

Nilisikia akivuta pumzi.

"Leotis alikuwa anapita," akasema.

Nilizima jiko. Samaki walibaki kwenye mafuta nusu wabichi, nami nikaenda.

Nilimkuta mezani, koti bado mwilini, mifuko ya dukani sakafuni haijafunguliwa. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ndio ulionitisha. Ningemkuta anatetemeka ningejua la kufanya. Akanieleza taratibu. Alikuwa anarudi kutoka mjini na unga wake wa mahindi na dawa zake za presha. Alipoingia darajani akaona taa zinakuja, taa zimewashwa mchana kweupe. Gari la maiti mbele, jeusi, la mtindo wa zamani. Nyuma yake magari, moja baada ya jingine, mengine ya watu anaowajua na walishakufa, mengine hawajui. Hakuwa na pembeni pa kwenda. Akasimamisha hapohapo, akazima, akashuka, akaweka mkono kifuani. Nyuma yake lori la magogo likafunga breki mpaka matairi yakalia, dereva akapiga honi, akatukana, akampita kwa hasira. Yeye hakugeuka.

"Na ulijuaje ni Leotis?" nikamuuliza. "Jeneza halina dirisha, dada."

Akanitazama kama ninavyotazamwa tangu utotoni, mdogo asiyeelewa.

"Kwa sababu nyuma kabisa," akasema, "baada ya gari la mwisho, lilikuja greda lake. Polepole. Taa ya juu inazunguka. Na kwenye kiti hapakuwa na mtu."

Nikainuka nikaenda kufunga mlango wa nyuma, kumbe ulikuwa umeshafungwa.

"Hilo la greda usimwambie mtu," Ozella akasema. "Si Dewitt, si mchungaji. Hilo ni langu."

"Sitamwambia mtu," nikasema. Na moyoni nikasema, masikini dada yangu, ameanza kupotea. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja, kama mtu anavyomkasirikia mgonjwa aliyeshuka kitandani.

Karatasi ya faini ilikuwa juu ya meza. Aliyeiandika ni naibu mpya wa sherifu, kijana Lindgren, mtu wa Minnesota huko kwenye theluji, hana hata mwaka mmoja kwetu. Alimkuta Ozella amesimama nje ya gari katikati ya njia. Akamuuliza kulikoni, akajibiwa ukweli. Basi chini ya kosa, kwenye nafasi ya maelezo, kijana akaandika kwa mwandiko wa mtoto wa shule: dereva anadai alisimamia msafara wa mazishi, msafara haukuwepo.

Maneno hayo ndiyo yaliyotutia matatani. Faini yenyewe haikuwa kitu. Kesho yake nilimpeleka Ozella kwenye dirisha la karani wa mahakama, Bi Tunstall, ambaye nimesoma naye na anajua mambo ya kila nyumba. Alivaa miwani, akasoma, akashusha sauti.

"Ozella, mpenzi, lipa hapa hapa uende zako nyumbani. Ukilipa umekubali kosa, na habari inaishia kwenye droo yangu."

"Kosa gani?"

"La kusimama bila sababu."

"Nilikuwa na sababu."

Bi Tunstall akanitazama mimi, nami nikatazama dari. "Sikiliza basi," akasema. "Ukikataa, utasimama mbele ya hakimu, utakula kiapo, na atakuuliza hiyo sababu. Ukimwambia uliona magari ambayo hayakuwepo, sheria inamtaka akupeleke Jackson ukapimwe kama unafaa kuendesha. Na mtu wa umri wetu akienda kupimwa kwa kuona vitu, leseni hairudi."

"Andika nimekataa," Ozella akasema.

Nyie, nilitaka kumfinya! Nyumba yake iko mwisho wa barabara ya Tolliver, hakuna jirani wa kuitwa ukasikika, hakuna basi, hakuna chochote. Bila leseni Ozella hana nyumba. Na Dewitt alishasema hivyo kwa mdomo wake.

Dewitt ni mtoto mzuri, msimfikirie vibaya. Anauza bima Jackson, anavaa kofia ya heshima kama ya baba yake, anampigia mama yake kila Jumapili. Lakini alikuwa na hofu, na mwenye hofu husema kwa ukali. Alikuja wiki ya kabla ya kesi, akakaa jikoni mbele ya pai ya viazi vitamu bila kuigusa.

"Mama, nimeongea na wakili. Ni jambo dogo. Unasema tairi ilikuwa na hewa ndogo, ukashuka kuitazama. Basi. Wanapunguza faini, leseni unabaki nayo."

"Tairi yangu haikuwa na kitu."

"Najua haikuwa na kitu!"

"Usinipigie kelele jikoni kwangu."

Akashusha sauti. "Samahani. Lakini mama, kama utasimama pale ukasema ulimwona baba, nitachukua funguo mimi kabla ya hakimu. Utakuja kukaa kwangu. Nyumba tutaifunga. Sitaki nipigiwe simu siku moja nije nikuchukue chini ya daraja lile."

"Na baba yako je?"

"Baba amekufa, mama."

"Najua amekufa. Nilidhani wewe ndiye umesahau namna alivyozikwa." Sauti yake ilikatika hapo, mara ya kwanza tangu yote yaanze. "Walimpitisha kama takataka, Dewitt. Mtu aliyewasimamia wote. Nimekaa pale barazani nikiomba apitishwe vizuri, mara moja tu, nimsimamie. Amepita. Sasa unataka nile kiapo niseme hakupita, nilikuwa natazama tairi?"

Dewitt aliinuka. Alitoka nje akasimama kwenye nyasi muda mrefu, na mimi nikala pai yake kwa sababu nilikuwa sina jingine la kufanya.

Siku ya mahakama ilikuwa Januari, baridi kavu. Dewitt alikuwa ameshachukua funguo za gari la mama yake kutoka kwenye ndoano ukutani. "Nitaendesha mimi," akasema, na sote tulielewa kwamba hakuwa anazungumzia asubuhi ile peke yake. Tulipofika daraja la Hatchett, Ozella akamwomba apunguze mwendo. Dewitt aliongeza. Mto ulikuwa wa rangi ya chai, umepanda, na nguzo za daraja zilikuwa na ukungu. Nilijikuta natazama mbele kama kuna taa. Hapakuwa na taa. Lakini sikuthubutu kugeuka nyuma, na mpaka leo sijui kwa nini.

Hakimu wetu ni Whitlow. Siku za kawaida anauza mbolea na chakula cha ng'ombe. Tulimpigia kura kwa sababu ni mtu asiye na makuu. Chumba chake cha mahakama kinanuka joho la zamani na kahawa. Mbele yetu alipita jamaa aliyeendesha na taa mbovu, akaambiwa akazitengeneze. Akapita mama wa mwendo kasi aliyesema alikuwa anawahi ibada. "Ibada ya Jumanne?" Whitlow akamuuliza, watu wakacheka. Halafu akaita, "Ozella Crump."

Alienda mbele na koti lake la kanisani. Naibu Lindgren alisimama upande wa pili, kofia ya ukingo mpana mkononi, nywele za rangi ya majani makavu, masikio mekundu kwa baridi. Alimwinamia Ozella kichwa kidogo. Nilitaka kumchukia, lakini kijana alikuwa na adabu.

"Bi Crump," hakimu akasema, "unashtakiwa kusimamisha gari barabarani na kuzuia njia. Una kosa au huna?"

"Nilisimama, mheshimiwa, lakini sina kosa."

"Hilo halimo katika majibu niliyonayo hapa."

"Basi sina kosa."

Akala kiapo. Whitlow alikuwa ameshaisoma karatasi, niliona kidole chake kimetulia kwenye yale maelezo ya chini. Na Mungu ambariki, alijaribu kumwokoa. "Gari lile la zamani, Bi Crump. Labda liliharibika kidogo? Injini, tairi?"

Dewitt akakohoa. Mimi nikamwomba Mungu kimoyomoyo, sema tairi, dada, sema tairi twende tukale.

"Gari halina ubaya wowote," Ozella akasema. "Nilisimamia msafara wa mazishi."

Jamaa wa taa mbovu, aliyekuwa anatoka, akarudi akakaa.

"Mazishi ya nani?"

"Ya mume wangu, mheshimiwa."

Whitlow alivua miwani. Alimjua Leotis, nani asiyemjua. "Bi Crump," akasema polepole, "siku tulipomzika baba yangu mvua ilikuwa inamwagika. Nilimwona mumeo amesimama mtaroni kavua kofia, maji yanamtiririka usoni. Sijasahau. Lakini mumeo amezikwa miaka kadhaa sasa. Unaelewa ukishikilia hivyo chini ya kiapo inanibidi nikupeleke ukapimwe?"

"Naelewa."

"Unaona mambo haya mara nyingi?"

"Mara moja tu. Nami sijaomba tena."

"Na hutaki kubadili maneno yako?"

"Nikiyabadili, mheshimiwa, nani atasema alipita?"

Dewitt aliinamisha kichwa akashika paji la uso. Nikaona nyumba ile imefungwa, mapazia yamevutwa, kiti cha barazani kimegeuzwa ukutani, na dada yangu Jackson, ghorofani, anatazama maegesho ya magari. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

"Naibu," hakimu akasema, amechoka ghafla. "Msafara ulikuwepo?"

"Hapana, mheshimiwa. Nina picha za kamera ya gari langu, zinaonyesha barabara yote."

"Umezitazama?"

"Sehemu ya mwanzo, mheshimiwa. Pale gari linapoonekana limesimama njiani."

Askari wa mahakama, mzee ambaye angestaafu zamani kama angeruhusiwa, akahangaika na waya, na luninga ikawaka. Hii hapa barabara, huu hapa mwanzo wa daraja, gari la Ozella katikati ya njia. Ozella nje, mgongo umenyooka, mkono kifuani. Mbele yake daraja zima, tupu. Hata ndege hakuwepo.

"Inatosha," Whitlow akasema kwa huzuni. "Zima."

Mzee akabonyeza. Haikuzima. Akabonyeza kingine, sauti ikapanda, upepo tu. "Ngoja, ngoja," akasema, "hii mashine ina kiburi." Picha ikaendelea.

Lindgren akatokea kwenye picha, anatembea kuelekea kwa Ozella, kitabu cha faini mkononi. Tuliona mdomo wake ukisema kitu. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Akageuka kuitazama barabara.

Akavua kofia.

Aliishika kifuani kwa mikono miwili, kitabu kimebanwa kwapani, akasimama wima. Na kichwa chake kikaanza kugeuka. Kilitoka kulia kikaenda kushoto, taratibu, kikarudi kulia, kikaenda tena kushoto, kama unavyofuatisha gari likipita, kisha linalofuata, kisha linalofuata. Na Ozella, upande wa pili wa gari, kichwa chake kilikuwa kinageuka naye, wakati mmoja, mwendo mmoja. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Wale wawili walisimama pale wakifuatisha hewa, na ilidumu, jamani, ilidumu mpaka mtu nyuma yangu akaanza kusema "Yesu, Yesu" kwa sauti ndogo. Mwishoni vichwa vyote viwili vilifuata kitu kimoja polepole kuliko vyote. Ndipo kijana akavaa kofia, akafungua kitabu, akaanza kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzee wa mahakama hakutafuta tena kitufe. Picha iliisha yenyewe.

Nilimtazama Lindgren. Masikio yale mekundu yalikuwa meupe. Alikuwa anaitazama kofia iliyo mkononi mwake kama ameokota ya mtu.

"Naibu," Whitlow akasema, "huko kwenu Minnesota mnasimamia misafara?"

"Hapana, mheshimiwa. Sisi tunapita tu."

"Basi ulikuwa unafanya nini pale?"

"Sijui." Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kukaa chini. "Niko chini ya kiapo, mheshimiwa, nakuambia sikumbuki kuvua kofia."

Hakimu akavaa miwani, akaivua tena. "Nikimpeleka mama huyu kupimwa," akasema mwisho, "itanibidi nikupeleke na wewe, na sina naibu mwingine wa barabara ile. Kesi imefutwa. Bi Crump, nenda nyumbani. Tupumzike kidogo, watu wote." Akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuchukua kahawa yake.

Mtasema basi, yamekwisha. Hayakwisha. Kwenye korido Dewitt alikuwa na funguo mkononi, amezikunjia ngumi.

"Hakimu amekuachia, mama. Mimi bado. Kijana yule aliona umesimama vile, akakuiga bila kujijua. Watu hufanya hivyo. Hilo halibadilishi kwamba ulisimama darajani na lori nyuma yako."

"Dewitt, mwanangu..."

"Nakupenda, mama. Ndiyo maana." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Twende nikakufungie mizigo."

Ozella hakubishana. Hilo liliniuma kuliko kama ningemwona analia. Alishika mkono wangu tukashuka ngazi za nje, na kwa mara ya kwanza niliuona uzee mwilini mwake. Alikuwa amesema ukweli wake na ameshinda, na bado nyumba inakwenda.

Lindgren alikuwa anatungoja chini kwenye gari letu. Kofia alikuwa bado hajaivaa.

"Mama Crump," akasema. "Samahani. Naomba kukuuliza kitu."

"Umeshaniandikia, mwanangu. Uliza tu."

"Ni tangu ilipoonyeshwa ile picha. Kuna kipande kimoja kimerudi, sijui nikiweke wapi." Alijifuta mdomo. "Magari siyakumbuki. Jeneza silikumbuki. Nakumbuka lile la mwisho tu. Lile greda."

Nilishika mlango wa gari. Mahakamani hakuna aliyetamka greda. Si Ozella, si Whitlow. Nami sikuwa nimemwambia binadamu yeyote.

"Greda gani?" Dewitt akauliza. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya alipokuwa na miaka kumi.

"La manjano. La kuchonga barabara. Lina taa juu inazunguka." Kijana alikuwa anamtazama Ozella tu. "Nilikasirika, nikasema huyu naye anachelewesha magari, nitamwandikia na yeye. Nikatazama kwenye kiti. Hapakuwa na mtu, mama. Nani alikuwa analiendesha?"

Ozella alimsogelea. Halafu akanyoosha mkono akamrekebisha kola ya koti, kama anavyomfanyia Dewitt.

"Hakuna," akasema. "Mwenyewe alikuwa kwenye gari la mbele."

Naibu akaitika kwa kichwa, mara kadhaa, akaondoka bila kuaga. Dewitt alibaki amesimama. Upepo ulikuwa unampiga na hakufunga koti.

"Mama," akasema. "Hukusema greda."

"Sikusema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Alifungua ngumi. Funguo zilikuwa zimemchora alama kiganjani. Akamwekea mama yake mkononi, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, mtu mzima na mabega yale, akakaa kiti cha nyuma magoti yamegusa kidevu. Mimi nikakaa mbele. Ozella akawasha.

Ozella aliendesha vizuri, mikono miwili kwenye usukani, anapunguza kwenye kona. Tulipoingia daraja la Hatchett, Dewitt akamgusa bega.

"Mama, simamisha."

"Hapa? Katikati? Si wataniandikia tena."

"Wataniandikia mimi. Simamisha."

Akasimamisha, akazima. Dewitt alishuka, akasimama katikati ya daraja lililo tupu, akavua kofia yake, ile kama ya baba yake, akaiweka kifuani. Sisi wawili tulikaa ndani na vioo vimeshushwa kwenye baridi ile, tukangoja mpaka amalize.